Dakika ya Saa ya Mwalimu

Jamani, Kiberenge katoka hospitali leo! Nimepiga vigelegele getini mpaka mlinzi kanitolea macho. Ngoja niwape kisa chote, maana nusura tumpoteze.

Kiberenge ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka saba, na jina kalipata kwa kukimbia kutwa. Kaka ni fundi saa, anafanyia kazi chumba cha mbele nyumbani kwake. Jumamosi ile nimetoka chuo, nimeingia na kamba ya kuruka ya zawadi, nikijua atanirukia shingoni. Wapi! Kakaa kwenye kigoda, midomo imempauka.

"Shangazi, nitaruka kesho. Tumbo linauma."

Nikashtuka. Kiberenge na kesho wapi na wapi?

"Mafua yamemwisha wiki mbili sasa," wifi akasema. "Homa hana, nimempima. Anadeka tu, kakuona wewe."

Nikampakata. Kiganja changu mgongoni mwake kikasikia moyo unapiga mbio kama kapanda ngazi za ghorofa kumi. Na alikuwa amekaa!

"Kaka, moyo wake unakwenda mbio."

"Kwani unasomea ualimu au udaktari?" Kaka akacheka, kioo cha kazi bado kakibana jichoni. Ila akamshika mwanawe mkono, akavuta saa iliyokuwa mezani mbele yake, akahesabu dakika nzima.

"Tisini na tano. Mzima kuliko wewe. Kiberenge, kalale."

Wifi akashusha pumzi, akaenda kutandika kitanda. Mambo ya saa, nani abishane na kaka? Lakini kiganja changu kilikataa. Nikaitazama ile saa. Mshale wa sekunde ulikwenda kama unafukuzwa. Nikaigeuza. Nyuma kuna kikaratasi, mwandiko wa kaka mwenyewe: "Ya mwalimu. Inakimbia. Springi imenata."

"Kaka! Umehesabia saa mbovu, dakika yake fupi!"

Nikatoa simu, nikamwekea dakika. Kaka akaanza upya, safari hii kwa sauti. Akapita mia. Akapita mia na thelathini. "Mia na hamsini na..." Kioo kikamdondoka, kikapasuka, wala hakukitazama. Akambeba mtoto, akatoka na ndala mguu mmoja.

Hospitali wakambandika nyaya kifuani, wakampiga picha ya moyo. Daktari, mama mmoja mpole, akatukalisha.

"Baada ya yale mafua, msuli wa moyo umevimba. Huwapata watoto wachache tu. Mngemlaza nyumbani leo, sijui kesho tungeongea nini."

"Mimi ndiye niliyesema alale," kaka akasema, kaegemea ukuta.

"Na wewe ndiye uliyembeba," wifi akamjibu.

Siku tatu wodini. Oksijeni, dripu, na kaka kakodolea macho namba kwenye mashine, vidole vyake kwenye mkono wa mtoto.

"Baba, mashine inahesabu yenyewe," nesi akamwambia.

"Nimefungua mashine nyingi, dada. Acha nami nihesabu."

Siku ya nne namba ikaanza kushuka. Mia na thelathini. Mia na kumi. Kiberenge akaomba uji! Wifi akalia mpaka nesi akamletea kiti.

Leo tumemrudisha. Kukimbia marufuku miezi sita, na kliniki juu.

"Na kamba yangu?" kanuna.

"Itakungoja ukutani," nikamwambia.

Mlangoni tu, kaka kamshika mkono, kapita saa zake zote bila kuzitazama, kaninyooshea kiganja.

"Lete simu yako."

Tisini na mbili. Kahesabu mara mbili.