Friji Linalogonga

Maneno yalianzia saluni: eti kuna friji la mtumba linalozunguka nyumba hadi nyumba, kila mwenye nalo huliuza upesi kwa sababu linagonga. Linagonga kwa ndani. Mama Kipusa alicheka na wenzake, lakini maneno yale yalimganda kama kupe hadi nyumbani.

Friji lake mwenyewe lilikuwa limekufa. Dukani alikolinunua walimzungusha wiki tatu: leo mhusika hayupo, kesho lete risiti, kesho kutwa risiti imefutika. Maziwa ya mtoto yanaharibika tu. Mwishowe akakata shauri, akaenda kwa muuza vyombo vilivyotumika.

"Hili chuma, dada," muuzaji alisema, akivuta mpini. Lilikuwa la kizamani, mlango unashikwa na komeo la nje. "Ukifunga, limefunga."

"Haligongi?"

"Likigonga, lifungulie!" Akacheka peke yake.

Siku ya pili likagonga. Ngo, ngo, ngo. Mama Kipusa akalifungua mbio: nyanya, maziwa, sufuria ya mchuzi. Basi. Fundi akaja, akatega sikio.

"Mashine ikiwaka inashtuka, mama. Uzee huo. Hata magoti yangu yanagonga."

Akazoea. Likigonga, anasonya: "Kelele, wewe!"

Jumamosi mchana alitoa kila kitu, hata rafu zote, akaliosha, akaliacha wazi likauke. Alipotoka kuanika nguo na kurudi, mlango ulikuwa umefungwa. Upepo huo, alijiambia, akakaa kupeta mchele.

Ngo, ngo, ngo.

"Kelele, wewe!"

Ngo, ngo, ngo.

Akanyoosha mkono awashe redio, aifunike kelele ile. Redio haikuwaka. Akabonyeza swichi ya taa. Umeme ulikuwa umekatika.

Ungo ulimponyoka, mchele ukatapakaa. Akalirukia friji, akafungua komeo.

Kipusa, bintiye wa miaka mitano, alikuwa amejikunja mle ndani, midomo imepauka. Mama alimtoa, akampepea, akamwita na kumwita, hadi mtoto akakohoa na kulia.

"Umefanya vizuri kugonga, mwanangu. Vizuri sana."

"Sikugonga mimi," Kipusa alisema. "Mimi nililala. Alikuwa anagonga yule mwingine."

Fundi aling'oa mlango siku hiyohiyo. Upande wake wa ndani, chini kabisa, kulikuwa na mikwaruzo ya zamani ya kucha ndogo. Safari hii hakutania. Na tangu hapo friji halijagonga tena.

Karatasi aliyoibandika Mama Kipusa saluni ilisema hivi:

Usinunue friji la komeo la nje.
Usiliache friji tupu likiwa wazi, hata ukitoka kuanika nguo tu.
Usilitupe wala kuliuza kabla ya kung'oa komeo.
Usiseme ni upepo kabla hujamwona mtoto.
Usizoee kinachogonga. Fungua.