Siku Tuliyovunja Bwawa la Wetherell

Bwana Wetherell aliziba mto ili maji yazungushe mashine za kiwanda chake cha kusokota pamba, na huko juu ya bwawa shamba la kaka yangu Asahel likazama. Asubuhi moja Asahel akaja na majirani kumi, mashoka begani. Mimi nilikuwa kibarua wa kiwanda hichohicho. Nikatoka mbio kumzuia.

"Asahel, rudi nyumbani!"

"Nyumbani wapi, dada? Viazi vyangu vinaogelea!"

Wakaanza kuyakata magogo ya bwawa. Wetherell akatokea na bunduki.

"Ukipiga tena nakufyatulia!"

"Fyatua, mwizi wa mto wee!" Asahel akajibu, akapiga.

Risasi ikampasua goti. Wetherell alipoanza kushindilia baruti upya, nilinyakua shoka la kaka yangu nikamkata mkono. Papo hapo bwawa likapasuka. Maji yakafagia daraja lililokuwa chini ya bwawa, walipokuwa wamesimama wenzangu wa kiwandani wakitazama, yakaondoka na rafiki yangu Lydia.

Tulikimbilia Ohio kwa gari la ng'ombe. Asahel alipona, ila anachechemea. Mahindi yanastawi huku, lakini jina la Lydia hatulitaji.