Nani Amekunywa Petroli ya Barre

Afande wa kugawa petroli alikuwa amekaa mguu juu ya mguu, na mezani pake palikuwa na kile kijitabu kilichokuja na gari kutoka kiwandani. Gari lilikuwa dogo, la marehemu mume wa Saynab, na kijitabu kilisema galoni moja inalifikisha maili arobaini. Afande alikiamini kijitabu hicho kama msahafu.

"Mama, nilimpa ndugu yako petroli ya kwenda Balambala na kurudi hapa Garissa, na akiba juu yake," alisema. "Askari wamemkuta njiani tangi kavu. Petroli imekwenda wapi?"

"Gari imekunywa," alisema Saynab.

"Gari dogo hivi halinywi hivyo. Barre amewauzia shifta. Ijumaa lori linampeleka kizuizini huko bara, na huko atasema mwenyewe."

Damu ilimchemka Saynab. Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, vita vya serikali na waasi wa shifta vimepamba moto, na kila Msomali mwenye debe la petroli alihesabiwa adui mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini Barre! Barre mdogo wake, aliyekuwa akipeleka sukari na majani ya chai Balambala na kurudi na samli, mtu ambaye hata kuku hajawahi kumchinja bila kumwonea huruma!

"Waryaa, hii kitabu imeandikwa wabi?" alifoka kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kinachogeuza p kuwa b. "Huko kwao kuna mchanga kama yetu? Kuna jua kama hii? Wewe banda gari yangu, tuende na wewe, uone na macho yako. Ikienda na kurudi kama kitabu inasema, mfunge Barre na mimi bia."

Afande alicheka. Alikubali. Kesho yake asubuhi, alisema, galoni moja tu ndani ya tangi, na twende maili ishirini, turudi ishirini.

Saynab alitoka pale akijiona ameshashinda. Alijua gari lake. Aliketi kiti cha mbele mara nyingi kando ya Barre, akalisikia likilia kwa gia ya kwanza kwenye mchanga, tairi zimepunguzwa upepo zisizame, injini inachemka mpaka wasimame kulimiminia maji. Na alijua jambo jingine ambalo hangelisema mbele ya afande hata kwa kuchomwa moto. Barre hakuwahi kumpita mtu njiani. Mgonjwa akinyoosha mkono, Barre anasimama. Mzee na mbuzi wake, Barre anasimama. Gari la watu wanne lilibeba tisa na mbuzi juu, na hao tisa hawakuwa na kibali cha kusafiri hata mmoja, kwa hiyo aliwatelemsha kabla ya kizuizi cha askari, nao wakaingia mjini kwa miguu kupitia vichakani. Petroli ilikwenda hapo. Barre alipoulizwa alifunga mdomo, maana kuwataja ni kuwatia ndani, na Saynab naye akaufunga wake.

Sasa tazama alichofanya mwanamke huyu. Afande alikuwa adui yake, lakini kesho angepanda gari lake, na anayepanda gari lako ni mgeni wako. Mgeni hapandishwi kwenye gari linalonuka samli. Jioni ile Saynab alimwita Shurie, fundi wa gari, akamwambia asafishe kabureta, abadilishe plagi, ajaze tairi upepo ili mgeni asirushwerushwe. Yeye mwenyewe alishusha madumu ya maji, akashusha magunia, akang'oa hata kile kichanja cha chuma cha juu ya paa kilichofungiwa mizigo. Akaosha viti. Akatandika shuka safi. Mamake angemwona angemsifu.

Na usiku mvua ikanyesha.

Asubuhi kulikuwa na ubaridi mtamu. Shurie alishika usukani, afande kando yake, Saynab nyuma peke yake kama bibi harusi. Gari liliondoka likiteleza. Mchanga ulikuwa umeshikana kwa mvua, mgumu kama sakafu. Gia ya nne! Saynab hakuwahi kuisikia gia ya nne ya gari lake nje ya mji. Walipolivuka korongo ambalo Barre hulisukumia gari kwa mabega, Shurie hakugusa hata klachi, na hapo ndipo Saynab alipofahamu alichojifanyia. Alitamani kuruka nje akalipige gari mateke.

Mbele kidogo alisimama bibi mmoja kando ya njia. Alikuwa Kaaha, ajuza ambaye jicho lake lilikuwa linatoa usaha, na ambaye Barre alikuwa akimpeleka hospitali. Alilitambua gari akanyoosha mkono, akitabasamu.

"Afande, huyo mama ni mgonjwa," alisema Saynab.

"Hatubebi mtu. Endesha!"

Shurie aliendesha. Saynab aligeuka akamwona Kaaha anashusha mkono polepole, anabaki kulitazama gari tupu lililompita. Aibu ile ilimchoma kuliko hasira. Tangu gari lile liingie Garissa halijawahi kumfanyia mtu vile.

Waligeuza walipofika nusu ya maili za kijitabu. Mbele ya ofisi afande aliteremka, akatumbukiza kijiti ndani ya tangi, akakitoa kimelowa ncha. Akamwonyesha Saynab ile ncha, petroli ingali imo, akamrudishia kijitabu chake.

"Leo gari ilikuwa tubu!" alipiga kelele Saynab. "Mvua imenyesha! Tuende tena na mzigo, tuende saa ya jua!"

"Umelitaka mwenyewe, mama. Jaribio ni moja." Halafu, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, aliongeza, "Biashara yako siizuii. Chukua petroli ya kwenda Balambala na kurudi, kwa kipimo cha leo. Ukikwama na wewe, nitajua ni ukoo mzima."

Basi alikwenda. Alikwenda kwa hasira, siku iliyofuata, jua limesharudi na mchanga umeshafunguka, na sukari ya watu ilikuwa inangojewa. Shurie aliendesha. Kurudi walimkuta Kaaha palepale, na Nimo, msichana mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mzee Billow na mbuzi wake. Walinyoosha mikono.

Shurie alisimamisha gari, na Saynab akatoka amewaka.

"Ninyi!" aliwafokea kwa Kisomali. "Ninyi ndio mliokunywa petroli ya ndugu yangu! Kesho anapakiwa lori kama mbuzi, anaitwa shifta, kwa sababu hawezi kutaja majina yenu. Na bado mnanyoosha mikono! Hamna haya?"

Mzee Billow alitazama chini. Saynab machozi yalimtoka, akachukia hata hayo.

"Hatukujua," alisema Kaaha. "Jana ulipita, nikadhani umekuwa mtu mkubwa." Alifungua mlango wa nyuma, akajiingiza kwa taabu. "Nipeleke kwa huyo anayeuliza."

"Ayeeyo, bibi, huna kibali. Watakufunga."

"Nimekuambia nipeleke."

Billow aliingia na mbuzi. Nimo naye akaingia.

Petroli iliisha kabla ya kuuona mji. Gari lilikohoa, likanyamaza, na hakuna aliyeshangaa. Nimo akaketishwa kwenye usukani, wengine wakashuka wakasukuma. Shurie na Saynab walisukuma nyuma, mzee Billow ubavuni, na Kaaha akaweka kiganja chake juu ya bati, akasukuma kwa nguvu alizokuwa nazo. Safari hii hawakuingia vichakani. Walilisukuma gari mpaka kwenye kizuizi chenyewe, mbele ya bunduki, na askari wakawafikisha ofisini.

Afande alitoka. Aliwaangalia mmoja mmoja.

"Kibali?"

"Hakuna," alisema Kaaha kwa Kiswahili chake kidogo. "Wewe nauliza betroli ya Barre. Betroli ni mimi. Ni huyu mzee. Ni huyu mtoto na tumbo yake. Barre nabeba sisi, gari nakunywa. Shifta hakuna."

Afande akaagiza Barre aletwe. Alikuja akichechemea, shati limechanika, mdomo umevimba.

"Kosa lako la petroli limekwisha," afande alimwambia. "Nenda nyumbani. Hawa watatu wanabaki. Wamesafiri bila kibali, na sheria ni sheria."

Askari aliwasukuma ndani ya chumba cha mahabusu alimotoka Barre, Kaaha wa kwanza, mbuzi wa mwisho. Barre alimtazama ajuza akipapasa ukuta kutafuta pa kukaa. Halafu aligeuka, akarudi ndani, akamshika mkono akamkalisha, akaketi kando yake.

"Barre, toka!" Saynab alipiga kelele. "Toka, mwendawazimu wee! Umeachiliwa!"

"Mimi ndiye niliyewabeba, abaayo, dada yangu."

Saynab alimtukana. Alimtukana yeye, na baba yao aliyemlea hivyo, na gari, na aliyelitengeneza. Alipokwisha alimpita afande bila kumwangalia, akaingia, akaketi sakafuni kati ya Nimo na mbuzi. Shurie alivua kofia yake akamfuata.

Afande alibaki mlangoni, kufuli mkononi.

"Funga basi," alisema Saynab. "Sisi wote ni betroli."