Kamba za Michungwa

Baba yao alipofunga kamba kutoka mchungwa hadi mchungwa, majirani walimcheka eti anawaanikia majini nguo. Kumbe zilikuwa njia za maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Miti iliwapa makao, nao wakailinda: mdudu wa kufyonza matunda hakutia mguu akatoka salama.

Baba alipofariki, wanawe wawili waligawana shamba kwa matusi. Fundi, yule mkubwa, mshona nguo, aling'ang'ania mchungwa wa kisimani. Alijua kundi zima lina malkia mmoja, na kiota kikubwa kuliko vyote kilikuwa pale. Ili aupate mti huo, alimwachia mdogo wake, Kinyozi, miwili inayozaa vizuri. Kisha akachukua mkasi wake wa vitambaa, akakata kila kamba iliyovuka mpaka.

"Hata wadudu unawatenganisha, mwanangu?" Mama akauliza.

"Wangu hawaendi kumfanyia kazi mtu aliyenitukana."

"Mtu! Mmenyonya ziwa moja, leo ni mtu?"

Malkia hakuwa kisimani; alikuwa upande wa Kinyozi. Viota vya Fundi vilikauka kimoja kimoja, chungu wazee wakafa bila wa kuwarithi, hadi asubuhi moja alishika tawi kwa mkono mtupu asing'atwe. Wafyonzaji walikuwa wamejaa tele, machungwa machanga yanadondoka yana madoa. Na cherehani ilishalala njaa tangu mitumba ijae mjini. Machungwa ndiyo yaliyobaki kuwalisha wanawe.

Akameza kiburi, akabeba gunia, akaenda kwenye kibanda cha Kinyozi. Alimkuta ananyoa mteja.

"Shikamoo, kaka," Kinyozi alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Mdogo wangu, naomba kiota. Kile chenye malkia."

"Umechelewa. Nimewapulizia dawa wote."

"Wote? Kwa nini?"

"Nilijua utakuja."

Mteja akaangua kicheko, akidhani wanataniana, kisha akaziona nyuso zao kwenye kioo.

"Na machungwa yako je?" Fundi akauliza.

"Yanadondoka kama yako." Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine. "Sasa ndiyo tumegawana sawa."

Fundi akakaa kwenye benchi la wateja, gunia magotini. Hakuthubutu kurudi kwa wanawe mikono mitupu.