Kosa la Beryl ni Kurudi Kazini

Beryl Hargreaves aliitwa ofisini kwa meneja wake kwa kosa la kurudi kazini. Barua yenyewe haikusema hivyo. Ilisema ni "mazungumzo ya kukusaidia", na huko chini, kwa herufi ndogo, ikaongeza kwamba anaruhusiwa kuja na mtu wa chama cha wafanyakazi. Beryl alikuwa amemaliza miaka ishirini na miwili katika ofisi ya makaburi ya halmashauri, kwenye mji mmoja wa Lancashire ambako mvua haina msimu, na alijua kwamba mtu mwenye nia ya kukusaidia hakwambii uje na shahidi.

Gavin Tattersall, meneja, alimpokea kwa lile tabasamu wanalofundishwa kwenye semina. Ukutani alikuwa amebandika bango jipya: AFYA YAKO NI FAHARI YETU. Mezani palikuwa na kikapu cha ndizi za ustawi wa wafanyakazi, na kimpira cha kubonyeza mtu akizidiwa na mawazo. Halmashauri ilikuwa imeondoa wafanyakazi wawili wa ofisi ya makaburi, ikaleta ndizi.

"Kaa, Beryl, kaa. Chukua ndizi. Unajisikiaje?"

"Kifua bado kinanibana."

"Pole sana. Tunakujali, unajua. Ila ndiyo hivyo, umefika mia moja ishirini na tano."

"Mia moja ishirini na tano nini?"

"Alama zako za ugonjwa."

Akamgeuzia karatasi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: unachukua idadi ya mara mtu alizokosa kazini, unaizidisha kwa idadi hiyohiyo, halafu unazidisha tena kwa idadi ya siku. Mwezi Januari Beryl alikuwa amekosa Jumatatu, akarudi Jumanne, akashindwa Jumatano, akarudi Alhamisi, akashindwa Ijumaa, na wiki iliyofuata akashindwa tena Jumanne na Alhamisi. Mara tano, siku tano.

"Tano mara tano mara tano," Gavin alisema kwa huzuni, kana kwamba hesabu imemkuta na yeye njiani. "Mwisho ni mia moja. Na onyo la maandishi unalo tayari, lile la mwaka jana, ulipougua nyongo."

"Kwa hiyo nafukuzwa."

"Hatutumii neno hilo. Tunasema tunaagana kwa heshima."

Beryl alikuwa na miaka hamsini na minane, amebakiza miwili tu kufikia pensheni aliyokuwa akiihesabu kwa vidole.

"Na Clegg wa bustani? Si alikaa wiki sita na mgongo wake, akarudi mweusi kwa jua la likizo kule Tenerife?"

"Clegg ana thelathini tu. Aliumwa mara moja, akatulia akaumwa. Clegg ni mfano mzuri."

Hasira zilimpanda Beryl hadi zikamtoa machozi, naye alichukia kulia mbele ya kijana aliyevaa soksi zenye picha za ndizi. Siku zile alijikaza kisabuni, akaja na homa, chupa ya maji ya moto kaifungia ndani ya sweta, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwapangia wafiwa siku ya maziko. Kumbe angelala tu!

Gavin alifunga mlango, akainama kama mtu anayeuza kitu cha magendo.

"Nisikilize. Zile siku nne ulizokuja hapo katikati. Ulikuwa mzima kweli?"

"Mzima wapi! Nilikuwa natetemeka."

"Safi kabisa! Mgonjwa hawezi kuwa kazini. Kwa hiyo hukuwepo." Akatoa fomu. "Tukiziandika nazo za ugonjwa, unakuwa umekosa mara moja, siku tisa. Moja mara moja mara tisa. Tisa, Beryl! Utakuwa na afya kunishinda mimi."

Beryl akatia saini. Anayemlaumu hajawahi kubakiza miaka miwili.

Wino haujakauka, mlango ukagongwa. Aliingia Bi Haworth, mjane, koti linachuruzika maji, kashika kopo la bati kifuani.

"Samahanini. Wameniambia pale dirishani yuko huku. Namtafuta yule mama aliyekaa na mimi Alhamisi ile, nilipokuja kuandikisha maziko ya Wilf. Nimemwokea keki ya tangawizi."

Gavin alikuwa mwepesi. "Atakuwa mwingine, Bi Haworth. Alhamisi ile Beryl alikuwa nyumbani, mgonjwa. Hapa kwetu hatumruhusu mgonjwa afanye kazi."

Bi Haworth akamgeukia Beryl. "Si wewe, mwanangu?"

Beryl akaitazama ile saini. Neno moja tu lilitakiwa, hapana, na miaka yake miwili ilikuwa salama. Akafungua kinywa alitoe, kikamtoka kikohozi kirefu cha kuvunja mbavu.

"Ndicho hicho!" mjane akasema, uso umemchangamka. "Ulikohoa hivyohivyo nilipokuwa nakutajia nyimbo za kumzika Wilf. Nikakwambia nenda kalale, ukaniambia hutaniacha peke yangu na makaratasi."

"Alikuwa mgonjwa," Gavin alisisitiza.

"Najua alikuwa mgonjwa. Nilimwona."

"Basi hakuwepo. Haviwezekani vyote viwili, Bi Haworth. Fomu haina nafasi ya vyote viwili."

Bi Haworth aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mikono ilianza kumcheza juu ya lile kopo, mikono ya mtu ambaye tangu azike haamini sana kumbukumbu zake mwenyewe. Beryl aliiona mikono hiyo, na roho ikamuuma kuliko kifua.

"Nilikuwepo, Bi Haworth," alisema. "Ni mimi. Hujakosea."

"Beryl," Gavin alisema polepole, "fikiria vizuri."

Beryl akapokea kopo, akalifungua, akakata kipande kwa kisu cha kufungulia barua. Hapakuwa na sahani. Akaivuta ile fomu, akakiweka kipande juu yake, mafuta yakaanza kuila saini, akamsogezea meneja.

"Karibu, Gavin. Achana na ndizi." Kisha akamvutia mjane kiti. "Haya, Bi Haworth. Kwenye maandishi ya jiwe la kaburi la Wilf tuliishia wapi?"

Gavin hakugusa keki. Alikuwa anatafuta fomu nyingine kwenye droo.