Mlango Aliouruka Redio

Kazi ya Redio ilikuwa kubisha hodi. Ushirika wa maji na umeme wa mtaa wao ulikuwa mdogo: pampu moja, transfoma moja, na mafundi wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ulishajaribu kutangaza kwa simu ukashindwa, maana watu hubadilisha namba kama shati, halafu nyama ikiwaozea kwenye friji wanakuja kutukana ofisini. Basi mkutano ukaamua kwamba habari ya kukata huduma ifike mlangoni kwa mdomo, na mwenye mlango ajibu kwa sauti: nimesikia. Asipojibu, nyumba hiyo haijaambiwa. Redio alipewa kazi kwa ajili ya koo lake. Jina alipewa na watoto wa mtaani, naye alilipenda kuliko lile la wazazi wake.

Safari hii habari ilikuwa njema. Miaka yote pampu na nyumba vilinyonya umeme kwenye laini moja. Pampu ikiwashwa, taa zinafifia, na taa zikipata nguvu, bomba linadondosha maji kwa masimango. Sasa transfoma mpya imeletwa, pampu inapewa laini yake, na mabomba yaliyoliwa na kutu yanafukuliwa. Siku ya kuunganisha ilikuwa Alhamisi, na umeme ungekatwa tangu asubuhi hadi alasiri. Redio aliipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba kama mtu anayealika harusi, mpaka akafika kwa mdogo wake.

Hapo miguu ikawa mizito. Ni mdogo wake wa tumbo moja, lakini hawakuwa wakisemezana tangu msiba wa mama yao. Mbele za watu, mdogo alisema, "Dada alifika hospitali mama akiwa hawezi tena kufungua mdomo." Ingekuwa uongo, Redio angesamehe siku ileile. Ilikuwa kweli, na kweli ikisemwa hadharani haina dawa.

Dirishani alikaa shemeji yake, dereva wa lori wa zamani, mapafu yamechakaa, mpira mwembamba umepita puani. Nyuma yake mashine ya oksijeni ilikuwa ikinguruma kwa umeme.

"Mke mkubwa!" akaita. "Unapita bila salamu? Au mpira huu umeniharibu sura?"

"Sura yako iliharibika zamani, shemeji. Usiusingizie mpira." Redio akacheka, maana huyu hakuwahi kumkosea. "Sikiliza. Alhamisi umeme unakatwa, asubuhi hadi alasiri, wanaunganisha transfoma mpya. Jazeni mtungi wa akiba wa oksijeni mapema. Haya, sema umesikia."

"Sijasikia."

"Shemeji!"

"Sijasikia na sitasikia. Mwenye nyumba yuko uani anafua. Ingia umwambie."

"Usinitanie, niko kazini."

"Sitanii." Akavuta pumzi kwa shida. "Nikifa leo, mtanililia huku mmepeana visogo? Nataka niwaone mnaongea, basi. Mimi sitamwambia neno. Utakuja umwambie mwenyewe."

Kutoka uani ikasikika sauti ya mdogo mtu: "Unaongea na nani huko?"

Redio akajisogeza pembeni ya dirisha. Hatua chache tu na neno moja, na jambo lingekwisha. "Kesho," akanong'ona. "Nitakuja kesho."

"Nakungoja," akasema shemeji, furaha imemjaa usoni kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Kesho yake Redio alijitanda khanga nzuri, akafika mpaka kwenye kona, akaiona nguo ya mdogo wake kwenye kamba. Maneno ya msibani yakamrudia yote, na wale waliogeuka kumtazama. Akarudi kwake. Hasira hasara, kila mtu anaimba hivyo, lakini mwambie mwenye nayo uone. Alijiambia shemeji hawezi kuwa mjinga wa kunyamaza, atakuwa ameshasema.

Jumatano jioni fundi mkuu alimwuliza ofisini, "Milango yote imejibu?"

"Yote."

"Na kwa mgonjwa? Tuna lile jenereta dogo la ofisi. Wakilihitaji, nalipeleka leo."

Redio alikuwa akikunja mwavuli, na aliendelea kuukunja. "Wamesikia. Wangelihitaji wangesema."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na hakuna aliyemlazimisha.

Alhamisi watu walijazana chini ya nguzo kutazama. Transfoma ya zamani iligoma kushuka. Bolti zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu, mafundi wakazimwagia mafuta, wakazigonga, wakazilaani, mwisho wakazikata kwa msumeno. Alasiri ikapita. Watu walikuwa bado wanatania kwamba bibi mzee amekataa talaka, ndipo mdogo wake Redio akatokea mbio, pekupeku, mikono bado ina povu la sabuni.

"Dada," akasema. Neno la kwanza tangu msiba. "Dada, hapumui vizuri. Mtungi umekwisha."

Fundi mkuu alimtazama Redio. "Si uliniambia wamesikia?" aliuliza polepole, wala hakungoja jibu. Jenereta likapakiwa kwenye mkokoteni, wakausukuma wote, Redio akiwa mbele, akisukuma kwa nguvu za mtu aliyepagawa. Lakini barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba mapya, mtaro umekata njia katikati, ikabidi jenereta libebwe mikononi.

Walipoingia chumbani, shemeji alikuwa amekaa palepale dirishani, kichwa kimeegemea ukuta, macho yametazama njia. Fundi mkuu alimgusa shingoni, akaliacha jenereta chini bila kuliwasha.

Hawakuwa hata wamemlaza vizuri kitandani, umeme ukarudi. Balbu ikawaka, nyeupe, yenye nguvu ambayo mtaa ule haukuwahi kuiona. Nje watu wakapiga vigelegele. Mashine ya oksijeni ikanguruma, ikaanza kumpulizia maiti hewa puani. Fundi mkuu akaizima, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Wakabaki wawili. Mdogo mtu akamwangukia dada yake shingoni, akalia kwa uzito wake wote, na Redio akamshika. Hakuwa amemshika hivyo tangu wakiwa wasichana. Ilikuwa raha, Mungu amsamehe, hata saa ile ilikuwa raha.

"Umekuja," mdogo alisema kwenye bega lake. "Alisema utakuja. Tangu juzi ananikataza nisitoke, ananiambia kuna mgeni wangu njiani. Nikimwuliza nani, anacheka. Nikajua tu ni wewe. Nimefagia, nimepika chai mara mbili."

Redio akamkaza zaidi mikononi.

"Leo umeme ulipokatika nilitaka kukimbia kujaza mtungi. Akanishika mkono, akasema tulia, alasiri utarudi. Alasiri. Sijui alijuaje, dada."

Angeweza kunyamaza. Mwenye siri alikuwa amelala pale, na fundi mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Angenyamaza, angebaki na mdogo wake, wangezika pamoja na kuzeeka pamoja. Alilifikiria jambo hilo vizuri, akalitamani mno.

"Mimi ndiye niliyemwambia," akasema. "Alitaka niingie nikwambie wewe. Nikamwahidi nitakuja kesho yake. Sikuja. Nilifika konani, nikarudi. Na ofisini nikasema mmeshasikia."

Mdogo alibaki kifuani pa dada yake, akiyapokea maneno moja moja. Kisha mkono wake mmoja ukalegea ukaachia shingo ya Redio, na wa pili ukafuata. Akaenda kuketi upande wa pili wa kitanda, akamtengeneza mumewe kola ya shati.