Treni ya Sebuleni kwa Faradji

Treni mpya ya mjini ilipita katikati ya sebule ya Faradji, fundi cherehani wa Mbugangari, mara kumi na nne kwa siku.

Faradji alikuwa amekataa kuhama. Nyumba ilijengwa na baba yake, naye Faradji alikula kiapo kwamba humo atatoka kwa jeneza tu. Mhandisi Valentin akapima, akakuna kichwa.

"Bon, muzee, hatubomoi. Tunapitia."

Wakatoboa ukuta wa mashariki na wa magharibi, wakalaza reli palipokuwa na mkeka. Cherehani na kabati vikasogezwa pembeni. Valentin akaona kazi imekwisha.

Alimsahau Mukashyaka, mke wa Faradji. Kwake yeye, aliyeingia nyumbani ni mgeni, awe amekuja kwa miguu au kwa reli, na mgeni hatoki na koo kavu. Siku ya kwanza alisimama relini na sinia. Dereva Habineza, jirani yao, akafunga breki.

"Karibuni! Mushuke, chai iko!"

Abiria sitini wakanywa chai ya maziwa na tangawizi. Wenye adabu walivua viatu ukuta wa mashariki, wakaondokea wa magharibi miguu mitupu.

Ikawa hivyo kila safari. Watu wakawa wanafika kazini saa tano, wameshiba. Barua ikaja kutoka ofisi ya reli: treni ikisimama tena hapo, nyumba inaondolewa.

"Ficha vikombe," Faradji akamwambia mkewe.

"We unataka nikuwe mutu wa namna gani?"

"Mutu mwenye nyumba."

Mukashyaka akavifungia kabatini, akaenda kulia jikoni.

Kesho yake treni iliingia polepole. Faradji akainamia suruali aliyokuwa akiipiga pasi, akajifanya hasikii. Dirishani akatokea Mukarugwiza, bibi wa Nyamyumba, kapu la dagaa wa sambaza mapajani.

"Ehe! Muone kwa Faradji," akawaambia wenzake. "Mutu anaingia mpaka ndani, hata maji hakuna! Na baba yake alikuwaka mutu wa watu."

Faradji alivumilia behewa moja. La pili lilipofika akaligonga kwa pasi, mara tatu, mpaka Habineza akasimama.

"Muzee, na ile barua?"

"Nimeisoma. Shuka unywe." Akageukia jikoni. "Mama! Leta funguo ya kabati!"

Treni ilikaa dakika arobaini. Mukarugwiza alikunywa vikombe vitatu, akasema tangawizi ni kidogo.

Jumatatu likaja tingatinga. Faradji alitoka kwa miguu yake, cherehani kichwani, Mukashyaka nyuma yake na sinia.

Vilipotea kuta mbili zilizokuwa zimebaki, mabati ishirini na sita, mlango mmoja na kiapo kimoja. Na kikombe kimoja: Mukarugwiza alishuka nacho Nyamyumba, hajakirudisha.